Binti wa Mwosha Maiti Aacha Udaktari

Pongwe nzima walimjua Mwamvua kwa kazi moja: kuosha maiti wa kike. Aliwaosha chini ya shuka, mkono ukipita pale jicho lisiporuhusiwa kupita. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo ya kazi hiyo. Siku hizi mtu hajakata roho vizuri, picha yake imeshafika Muheza.

Fahari yake ilikuwa bintiye Samiha, mwanafunzi wa udaktari. Basi Samiha aliporudi likizo na kumwambia kuwa amehama, sasa anasomea kilimo cha matunda, mwiko ulimponyoka Mwamvua ukazama chunguni.

"Matunda?"

"Machungwa, mama, na jamii yake."

"Watu wa Muheza wanalima machungwa tangu enzi za bibi zao. Nani aliyekwenda chuo? Au damu imekushinda? Wewe, uliyekuwa ukinishikia kata ya maji?"

"Si damu. Ukisema nirudi, nitarudi. Nafasi yangu bado ipo mpaka Jumatatu. Lakini nisikilize kwanza."

Akamweleza. Darasani waliletewa maiti ya kujifunzia, bibi mtu mzima, kucha zake bado zina hina. Alilazwa mezani bila hata kitambaa. Kijana mmoja akamshika mkono: "Shikamoo, bibi." Mwenzake akaitikia kwa sauti ya kizee, "Marahabaa, mjukuu wangu!" Darasa zima likaangua kicheko.

Mwamvua alijishika kifua. "Astaghfirullah! Nawe ukafanyaje?"

Samiha aliinamisha kichwa. "Nilicheka, mama. Siku ile nilirudi bwenini nikalia. Walipomchezea tena, nikacheka tena, na sikulia. Ndipo nikaomba kuhama."

Wali uliungua, hakuna aliyeunusa. Mwamvua alikuwa amefumba macho ya wafu wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtisha. Sasa aliogopa. Mwosha huoshwa, na siku zote aliamini kuwa mikono itakayomwosha yeye ni ya mtoto huyu. Alijiona amelala juu ya meza ile, hana nguo, vijana wanamwamkia.

Alifungua kinywa aseme rudi, udaktari ni heshima.

"Kasome machungwa," alisema badala yake.

Jioni jirani yao Kijakazi akaja kuuliza. "Eti shoga, udaktari umeishia wapi?"

"Umemshinda," alijibu Mwamvua.

Kijakazi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwamvua alimwacha acheke.