Alikosea kwa miaka kumi na moja, sasa anawafundisha wenzake kutibu kiwewe

Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro ya hospitali, watu wazima tisa wamekaa kwa duara, wamevua viatu. Mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anapita nyuma ya viti vyao.

"Kanyageni sakafu. Semeni mnachohisi, si mnachofikiri."

"Baridi," anajibu muuguzi wa wodi ya majeruhi.

"Haya. Ubongo wako sasa unajua uko wapi. Wa mgonjwa wako bado haujui."

Wanafunzi wake, wauguzi na wanasihi wa zahanati za jirani, humwita Mama Polepole. Ana umri wa miaka hamsini na saba, na huu ni mwaka wa sita anawafundisha wenzake kutibu kiwewe, lile jeraha linalobaki ndani ya mtu baada ya ajali, moto au kipigo. Njia yake huanzia kwenye ubongo na mwili. Maneno hufuata baadaye.

Anaeleza bila kuzunguka. Ubongo una sehemu ndogo inayopiga kengele ya hatari. Kwa mtu aliyepatwa na jambo la kutisha, kengele hiyo inaweza kuendelea kulia hata hatari ikishapita, na ikilia, sehemu ya kufikiri huzidiwa.

"Hapo ukimwambia 'tulia, yamekwisha', unabisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe hawapo," anasema.

Hakuyajua hayo tangu zamani. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mnasihi wa hospitali hii hii, na kila mgonjwa alimpokea kwa maneno yale yale: "Nieleze tangu mwanzo."

Mmoja wao alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Mtungi wa gesi ulilipuka karakanani, yeye akanusurika, mwenzake akafa. Mara nne fundi alikuja akasimulia. Mara ya tano hakutokea.

Mama Polepole alimfuata nyumbani. Alimkuta amejikunja kwenye kona iliyo mbali kabisa na jiko.

"Mama, sikukudharau," fundi alimwambia. "Ila kila nikitoka kwako, nakuwa nimeungua upya."

Alirudi ofisini akafungua kabati la mafaili. "Nikahesabu wagonjwa walioacha kuja. Thelathini na wanane! Siku zote nilikuwa najidanganya kwamba wamepona."

Hakujitetea. Aliomba likizo ya kusomea tiba ya kiwewe, akanyimwa. Akasoma hivyo hivyo, jioni na siku za mapumziko, kwa miaka miwili, darasani na watu walio rika la mwanawe wa mwisho.

Binti yake hakumwacha hivi hivi. "Mama, unataka kuusomea ubongo, na simu yenyewe inakushinda?" Lakini ni binti huyo huyo aliyemsikiliza akikariri sehemu za ubongo huku wakikunja nguo.

Alipohitimu, mlango wa kwanza kuugonga ulikuwa wa fundi. Safari hii hakutaka kusimuliwa chochote. Walianza na pumzi. Kisha wakasikiliza mashine ya kukatia vyuma kutoka mtaa wa pili, wakasogea kidogo, wakarudi, wakasogea tena. Baada ya miezi saba, fundi alishika tena vifaa vyake.

Leo amealikwa kuzungumza na wanafunzi. Anaanza vizuri, mpaka yule muuguzi anapomuuliza, "Kaka, mtungi ulipolipuka, uliona nini?"

Macho ya fundi yanaganda ukutani. Muuguzi anataka kuinuka. Mama Polepole anamzuia kwa kiganja.

Fundi anashika kingo za kiti. Anatoa pumzi ndefu. Nyingine. Ya tatu. Kisha anamtazama kila aliyemo chumbani, mmoja mmoja.

"Niko hospitali," anasema taratibu. "Leo Jumamosi. Yale ni ya miaka minane iliyopita." Anamgeukia muuguzi. "Dada, kabla ya kuuliza hilo, niulize kwanza kama niko tayari."

"Nisamehe, kaka," anajibu muuguzi, akifuta machozi.

"Yamekwisha. Mwalimu wako alinifanyia hivyo mara nne, na bado napokea simu zake."

Kicheko kinazuka, na anayecheka zaidi ni Mama Polepole mwenyewe.

Kwa nini hakuingilia? "Moyo wangu ulikuwa mdomoni," anakiri. "Lakini ningemwokoa, hawa wangeondoka wakiamini kwamba hawezi. Na anaweza."

Amebakiza miaka mitatu kustaafu. Amefundisha watu sitini na wanne. Kumi na tisa kati yao wameshahama kazi. Hospitalini wamo wanasihi wawili tu, na watu mia moja arobaini wanasubiri zamu. Anataka kila zahanati ya wilaya iwe na watu wawili waliofundishwa kabla hajakabidhi funguo.

Mwezi ujao anakwenda kwa kikosi cha zimamoto. Aliomba siku kumi na mbili za mafunzo. Mkuu wa kikosi akamjibu kwamba vijana wake ni majasiri, siku moja inawatosha.

"Nimemwambia asante, nitakuja hiyo moja," anasema, akipanga viti ukutani. "Jioni yake, vijana wake wenyewe ndio watakaomwomba zile kumi na moja."