Sindano za Nyambura

Haya sikusimuliwa na mtu. Sindano nilishika mimi mwenyewe, na ukiona natunga, basi shauri yako.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ndogo mjini Thika, nikikaa chumba cha kupanga Gatongora. Siku moja akaja msichana mrembo, ngozi laini kama ya mtoto, akasema anaitwa Nyambura. Alitaka mtu wa kupita kwao Ruiru kila jioni, siku kumi, kuchoma sindano. Nyumba yao ilikuwa njiani kwangu. Nikakubali.

Nilikuta nyumba ya mawe kando ya shamba la kahawa. Kitandani alikaa kikongwe ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nyambura akanipa kisanduku cha vichupa kumi vyenye unga mweupe na maandishi ya Kirusi. Ni vipande vidogo sana vya protini, akaniambia, vimeundwa maabara, na wataalamu bado wanavijaribu waone kama vinazuia uzee. Rafiki yake anayesoma Urusi ndiye aliyevituma.

Nikachanganya unga na maji ya sindano, nikaanza kumpandisha yule kikongwe mkono wa sweta. Nyambura akacheka.

"Sista, mgonjwa ni mimi."

Msichana kama yule, dawa ya uzee ya nini? Nikamchoma hata hivyo. Papo hapo kikongwe akaanza kulia, "Maitu! Maitu, inatosha!" Kwetu Wakikuyu maitu ni mama mzazi. Nikajiambia uzee umemvuruga akili.

Lakini niamini, nilichokiona baadaye nilikiona. Kila nilipomchoma Nyambura, jioni iliyofuata nilimkuta yule mwingine amepungua. Jicho moja liliingia ukungu, kisha la pili. Mgongo ukakunjika. Siku ya tano hakuweza tena kukishika kile kikombe. Naye Nyambura anang'aa tu! Siku ya sita, akisuka nywele, alinisimulia walivyokuwa wakikimbia kuwatazama watu wakilaza reli ya kuja Thika. Nikamwambia hiyo ni ya enzi za mababu zetu. Hakucheka.

"Nilikuwa msichana wa kuchumbiwa tayari," akasema.

Siku ya saba Nyambura alitoka uani kuteka maji. Kikongwe akanivuta vazi.

"Mimi ni Wambui, kitinda mimba wake. Nina miaka hamsini na mmoja, Sista. Dada yangu aliisha hivi hivi kwa kisanduku cha kwanza, cha pili kikanizeesha mimi kabla hujaja. Uzee ukimtoka yeye lazima umwingie mtu, kwanza wa damu yake, na nimebaki mimi peke yangu. Mtie maji matupu, nakuomba."

Wewe ungefanya nini? Nilimwaga unga dirishani, nikamchoma Nyambura maji matupu.

Kesho yake nilifika jua halijazama. Wambui alikuwa ameketi kizingitini akimenya viazi, macho maangavu. Nikataka kushangilia. Hakutabasamu.

"Kimbia, Sista," akanong'ona. "Amejua."

Mlango ukafunguka nyuma yake. Uso ulikuwa ule ule mzuri wa Nyambura. Lakini mikono, Ngai wangu! Mikono ilikuwa ya mtu wa miaka tisini, makucha ya njano, mishipa imesimama kama mizizi. Akanikamata kifundo cha mkono. Baridi ile sijawahi kuisikia hata mochari.

"Kama hutaki auchukue yeye," akasema polepole, "utauchukua wewe."

Sijui nilivyojinyofoa. Nilikimbia katikati ya mibuni ile ya kahawa, nikaacha mkoba na kiatu kimoja, nikajifungia chumbani nikiwa na homa kali.

Asubuhi jirani yangu, mama niliyekuwa nikichota naye maji kila siku, akabisha mlango. Nikafungua. Akanitazama, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Samahani, cucu," akasema, kama anayemwita bibi yake. "Sista yuko?"

Hospitali tatu hazikupata ugonjwa. Mchumba wangu alikuja mara moja, hakurudi. Kazini walikataa kwamba mimi ndiye mimi. Wambui siku hizi anauza mboga Juja, na kila Jumapili huniletea uji kwa sababu meno sina. Ile nyumba ilikutwa wazi, haina mtu wala kisanduku. Mwaka huu natimiza miaka thelathini.

Kwa hiyo, wewe muuguzi unayesoma haya, nisikilize. Vichupa vitatu vilibaki. Akija msichana mrembo kukuomba umchome sindano, usiangalie uso, angalia mikono. Mwambie kwanza avue glavu.