Kompyuta mpya imeilinda sauti ya marehemu mama hadi mimi mwenyewe siipati

Wakuu, heshima kwenu. Naandika kutoka Kalemie, upande huu wa ziwa. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Nina biro, yaani ofisi ndogo, ya kuchapa na kutoa kopi karibu na bandari. Papa yangu alikuwa karani wa reli, enzi zile treni ikiingia mji mzima unajua. Utotoni nililala nikisikia mashine yake ya kuchapa. Kila barua aliitoa nakala mbili, karatasi ya kaboni katikati. Moja iende, moja ibaki. Jamani, harufu ile ya kaboni naikumbuka mpaka leo.

Mama alipoanza kuugua nikawa namrekodi kwa simu kila Jumapili. Alitusimulia mimi na Papa utoto wake, ndagala, yaani dagaa, walivyoanikwa mchangani, wimbo wa Kiholoholo alioimbiwa na bibi yake. Alikuwa na kicheko kirefu, kinaanza kabla hadithi haijafika penyewe.

Tulipomzika nikahamishia sauti zote kwenye kompyuta mpya. Baadaye simu ile ikafa.

Kompyuta ilikuja na ulinzi mpya wa ile kampuni kubwa, mnaijua, ambayo karibu kila mashine mjini inatumia programu yake. Diski inajifunga yenyewe, hata mwizi akiiba haambulii kitu. Nikaenda kumtambia Papa.

Papa akavua miwani. "Ufunguo iko na nani?"

"Iko ku akaunti, Papa."

"Akaunti ya nani?"

Nikacheka.

"Ku reli, hakuna kasha yenye tulikuwa tunafunga bila ufunguo ya pili kubakia kwa mwenzako," akasema. Mimi nikamwona mzee wa kaboni tu.

Sasa wakuu, huku kwetu ukinunua kompyuta, fundi anakufungulia akaunti palepale. Jina la kubuni, paswedi ya kubuni, ili mradi mashine iwake. Wangu alifanya hivyohivyo, nami nikamshukuru na soda juu.

Mwezi uliopita umeme ulikatika katikati ya apdeti. Uliporudi, kompyuta ikadai ufunguo, mstari mrefu wa namba. Namba ziko kwenye akaunti aliyoifungua fundi, na fundi alishahamia Manono kufuata madini. Nilimpata kwa simu. Alinionea huruma kweli, akaniita yaya, yaani mkubwa wake.

"Yaya, nilifungulia bantu wengi. Sikumbuke hata jina yenye niliweka."

Nililia palepale bironi, mbele ya wateja, na wala sikuona haya.

Papa hakunisimanga. Aliingia chumbani akatoka na jalada kuukuu la reli. Kumbe kila Jumapili nilipoondoka, alikaa akachapa yote aliyoyasikia, nakala mbili.

Akaanza kunisomea. Mahali fulani akanyamaza, muda mrefu, nikadhani amechoka. Nikachungulia karatasi. Ameandika: hapa Mama alicheka.

Alingoja kicheko kiishe, ndipo akaendelea.

Wakuu, mimi si mpinga teknolojia, ndiyo inayonilisha. Na ulinzi wao umefanya kazi, hilo siwanyimi. Sauti ya mama imo mle, salama kabisa. Ila kitu kinachofunga mlango wangu bila kuniambia ufunguo kimempa nani, sikiamini tena, kisifiwe kisisifiwe. Nendeni leo mkaangalie ufunguo wenu uko kwenye akaunti ya nani. Uandikeni kwenye karatasi, na nakala ya pili mpeni mtu.

Fundi mwingine anasema nikifuta diski, mashine itapona. Na kusema kweli biro inaihitaji, wateja wananikimbia.

Papa amekataa katakata. "Mama yako iko mule. Uiache."

Kwa hiyo ipo hapa mezani, naifuta vumbi tu. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Semeni, nasoma.