Wimbo Niliouchora kwa Mkaa

Juzi nilimkuta mjukuu wangu ameshika jalada la santuri lenye mistari iliyopanda na kushuka, nikaona haya upya.

Enzi za Mwingereza, katika kanisa la Kifanya lililonuka moshi na makoti yaliyolowa mvua, mwalimu wa kwaya alituambia sisi watoto tuandike wimbo tuliotoka kuuimba. Sikujua kwamba alitaka maneno. Nikachora kwa mkaa sauti za wanaume kwa mistari minene, za wanawake kwa myembamba, yote ikipanda na kushuka kama sauti zenyewe.

"Hiki ni nini?"

"Wimbo, mwalimu."

Kanisa zima likacheka. Mama, ambaye hakujua kusoma, akaja akaweka kidole kwenye mstari mwembamba, akaimba akiufuata. Nilimvuta nguo kwa aibu.

"Mama, basi. Twende."

Aliimba mpaka mstari ulipoishia.