Mama Alipowataja Babu Zake Kando ya Ganga

Mama yangu alifika India kwa meli, akiwa na sanduku la mbao, kikapu cha mkonge alichokisuka mwenyewe, na viatu vya ngozi alivyovivaa kwa mara ya kwanza alipokanyaga gati la Bombay. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kilimo katika chuo kikuu kilichoko Banaras, kwa ufadhili wa serikali ya huko, na kijijini kwetu, juu ya Wundanyi, hakuna msichana mwingine aliyekuwa amewahi kwenda mbali hivyo kutafuta elimu. Ukoo ulikaa kikao ukaamua kwamba haifai mtoto avishwe joho mbele ya wageni watupu, bila hata mtu mmoja wa damu yake. Wakachanga. Mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye stesheni ya Voi, akampandisha mama gari la moshi la kwenda bandarini na kumkabidhi kwa familia ya Kihindi yenye duka pale mjini, ambayo ilikuwa inasafiri kwenda kuwaona jamaa zao.

Mimi nilimpokea Bombay. Alinishika mabega, akanigeuza huku na huku kama mtu anayekagua ndama, akasema, "Umekonda. Lakini umesimama wima."

Kwa mama, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tulipanda treni kwenda Banaras. Njia nzima alikaa dirishani akitazama nchi tambarare isiyo na mwisho, mashamba ya ngano, nyati wa kufugwa wakiwa wamezama matopeni. Alitaka kujua watu hawa hutambuaje mvua inakotoka ikiwa hawana mlima. Wanawake tuliokaa nao behewani walimgawia mikate yao ya chapati na achari kali ya embe, naye akawapa ndizi. Hawakuelewana neno, lakini kufikia asubuhi mmoja wao alikuwa amelala kichwa chake kikiwa begani kwa mama.

Siku ya mahafali, jina langu lilipoitwa, ukumbi ulikuwa kimya kama kanisa wakati wa sala. Nilipopokea cheti changu, vigelegele vikapasua kimya hicho kutoka viti vya nyuma. Mama alikuwa amesimama, leso yake mabegani, mkono mdomoni. Maprofesa waligeuza shingo. Nilisikia joto likinipanda usoni, na kisha wanafunzi wenzangu wakaanza kupiga makofi, hadi ukumbi mzima ukawa unapiga makofi, na nikashuka jukwaani nikitembea kama mtu mrefu kuliko nilivyo.

Nje, rafiki zangu walikuja kumwamkia. Kwa desturi ya huko, kijana huinama akagusa miguu ya mkubwa wake. Wa kwanza alipoinama, mama alirudi nyuma.

"Huyu anatafuta nini?" aliniuliza.

"Anakuamkia, mama. Anataka umbariki."

Wa pili alipoinama, mama alimwekea mkono kichwani. Kufikia jioni alikuwa akiitanguliza miguu mwenyewe.

"Sasa," alisema tulipobaki peke yetu, "nionyeshe huu mji wenyewe."

Alikuwa ameusikia kwa miaka mingi. Kila aliposhuka Voi kuuza kabichi, mzee wa ile familia yenye duka alimsimulia juu ya Kashi, kama mahujaji wanavyouita mji huo: mji mkongwe ajabu, ambako Wahindu hutoka pande zote za nchi kuja kuoga katika mto Ganga, na ambako wazee wengi huomba wafie. Mama alikuwa mwanachama thabiti wa umoja wa akina mama kanisani. Alinieleza waziwazi kwamba hakuja kuabudu kitu, alikuja kuona.

Na aliona. Nilimpitisha kwenye vichochoro vyembamba ambavyo jua haliingii, kati ya maduka ya bangili, maua ya manjano na vyungu vya shaba, kengele za mahekalu zikilia juu yetu. Mahali fulani ng'ombe dume alikuwa amelala katikati ya njia, na mahujaji wamesongamana pande zote mbili wakimsubiri kwa heshima. Mama alipenya, akamkuna nyuma ya sikio huku akimsemesha kwa Kidawida, lugha yetu, na yule ng'ombe akanyanyuka akaenda zake. Watu walimpisha mama apite mbele.

Tulienda pia mtaa wa wafumaji, Waislamu wanaofuma sari za hariri. Mzee mmoja alituruhusu tuingie kibandani mwake, kitanda chake cha kufumia kikiwa kimechukua chumba chote. Mama alikaa chini akatazama nyuzi za dhahabu zikiingia na kutoka mpaka nikachoka kusimama. Halafu akampa yule mzee kikapu chake akitazame. Mzee alikigeuza, akavuta ukingo, akajaribu kupenyeza kucha kati ya nyuzi asiweze, akatikisa kichwa kwa namna ya Kihindi ambayo ni kukubali, akasema neno.

"Anasema aliyesuka hiki ana mkono," nilimtafsiria.

"Mwambie najua," mama alijibu.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilikodi mashua ili auone mji kutoka mtoni. Ngazi za mawe zinashuka kutoka kwenye majumba makuukuu hadi ndani ya maji, na jua likichomoza upande wa pili hupiga zile kuta zote kwa pamoja. Maelfu ya watu walikuwa wamesimama majini hadi kiunoni. Wengine waliweka taa ndogo kwenye vikombe vya majani, wakaziachia zichukuliwe na maji. Mpiga makasia akatupeleka taratibu hadi mahali ambapo moshi ulikuwa unapanda, akaacha kupiga makasia. Pale ndipo maiti huchomwa. Tuliona kuni zilizopangwa, vitambaa vyeupe, na wanaume walionyoa vichwa wamesimama kando.

Mama alivua leso kichwani kisha akaifunga upya, kama anavyofanya akiingia kwenye nyumba ya msiba.

"Hawaogopi wafu wao," alisema.

Mashua ilitushusha kwenye ngazi mbele kidogo. Chini ya mwavuli mpana wa matete kuhani alikuwa amekaa na baba mmoja aliyetoka safari ndefu na wanawe. Yule baba alichota maji kwa viganja, akayamwaga polepole huku akitamka maneno.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anawataja marehemu wake. Baba, babu, na baba wa babu. Kila mmoja anamwagiwa maji."

"Basi? Watatu tu?"

"Kawaida ni watatu."

Mama alikaa kwenye ngazi. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia nyumbani. Kule kwetu, zamani, mtu mzima alipokufa alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kupelekwa kwenye pango la ukoo, likapangwa pamoja na ya waliomtangulia. Pango la upande wa mama nililijua kwa mbali. Nikiwa mdogo nikichunga mbuzi tulikatazwa hata kulielekezea kidole. Lakini babu yangu hakuwa na mtoto wa kiume, na kabla mama hajabatizwa alimpeleka huko, akamsimamisha mbele ya yale mafuvu na kumtajia majina, fuvu kwa fuvu, hadi alipoyashika yote.

"Tangu nibatizwe sijawahi kuyatamka kwa sauti," alisema. "Nilidhani nimeyasahau."

Akasimama. Alishuka hadi ngazi ya mwisho, akavua vile viatu, akaingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akachota maji kwa viganja. Nilitaka kumzuia, nikihofia watu wangeona ni dharau, lakini alikuwa ameshaanza. Alimtaja baba yake kwa Kidawida na mlima alikoishi. Akamtaja babu yake. Akamtaja aliyechimba mfereji unaonywesha mashamba yetu hadi leo. Alipofika pale yule baba alipoishia, hakusita. Aliendelea kurudi nyuma, jina baada ya jina, sauti ikizidi kupanda, kila mmoja akimwagiwa maji yake, hadi majina ambayo mimi, binti yake mwenye digrii, sikuwahi kuyasikia. Watu waliacha kuoga. Wale wana wa yule baba walisogea karibu.

Aliponyamaza, kuhani aliniuliza, "Hao wote ni wa kwenu?"

Nilimtafsiria mama. Akapangusa mikono kwenye leso.

"Mwambie hao ni wa upande wa baba yangu tu."

Kuhani alipoelezwa, alisimama, akaunganisha viganja kifuani na kumwinamia mama. Nimepewa heshima kadhaa tangu siku hiyo, nikifanya kazi na wakulima wa mifereji kule Mboghoni na kwingineko. Hakuna iliyonijaza kama ile, iliyotolewa kwa mwanamke aliyesimama pekupeku majini.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa meli, na Jumapili ya kwanza mama akaombwa awasimulie akina mama baada ya ibada. Aliwasimulia yote, hata ya mtoni. Mchungaji, mwanamume wa milima yetu aliyezaliwa bonde la pili, alikuwa ameketi mbele. Wanawake wakaanza kumtazama yeye badala ya mama.

"Uliabudu?" alimwuliza.

"Sikuabudu, mchungaji. Niliwataja tu. Wao ndio walionizaa."

Mchungaji aliinamisha kichwa. Alipokiinua, aliuliza kwa sauti ya chini, "Bibi yangu alitoka ukoo huo wenu. Baba yake, je, ulimtaja?"

"Nilimtaja," mama alisema. "Na baba wa baba yake."