Mama Panya Ahamisha Vitanda

Jina alilopewa na wazazi wake hatulitumii tena. Maabara nzima tunamwita Mama Panya, naye anaitika bila kinyongo, maana kwa miaka kumi na moja amewalisha panya wa utafiti, amewabadilishia maranda na kuwagombeza kwa majina: Mvivu, Shangazi, Bwana Harusi. Mimi nafua makoti jengo hilohilo, na nakwambia, panya wale wanadekezwa kuliko mume wangu.

Baadhi yao walizoeshwa kokeini: wakibonyeza kitufe, wanapata. Kisha wakanyimwa mwezi mzima, wakatulia, wakanenepa. Siku waliporudishwa kwenye vizimba vyao vya zamani, walikivamia kitufe kwa fujo, ingawa hakikutoa kitu.

Mama Panya akanywea. Mdogo wake wa kiume, aliyenaswa na kokeini, alikuwa anatoka kituo cha tiba Alhamisi ile.

"Daktari," akamuuliza mkuu wa utafiti, "kwani hawa wana damu mbovu?"

"Hapana. Vinasaba ni vilevile walivyozaliwa navyo. Kokeini inaviwekea alama tu: vingine vinafanya kazi kupita kiasi, vingine vinanyamaza. Hata ukiacha, baadhi ya alama hubaki muda mrefu. Ukirudi mahali pa zamani, mwili unadai."

"Zinafutika?"

"Nyingine, taratibu. Bado tunatafuta."

Loo! Na miaka mitatu alikuwa akimwambia mdogo wake hana haya. Alilia palepale, akapenga kamasi, akaenda moja kwa moja kwa mama yao. Mama alikuwa amekitunza chumba cha mwanawe kwa mapenzi: pazia lilelile, na kioo kilekile ambacho, bila yeye kujua, kijana alikuwa akikimwagia unga wake wa kokeini.

"Mama, hatalala humu."

"Unamfukuza ndugu yako?" Mama alikuja juu kama moto wa kifuu.

"Namlinda. Hata Bwana Harusi kizimba cha zamani kilimshinda."

"Sasa mwanangu amekuwa panya?"

"Afadhali angekuwa panya, angenisikia!"

Mama akacheka, na akishacheka huwa ameshindwa. Jioni ile wakahamisha vitanda vya mama na mwana, kila kimoja chumba cha mwenzake, kioo kikatupwa.

Alhamisi kijana akaingia na begi lake, miguu ikampeleka yenyewe hadi mlango wa zamani. Akafungua. Mama yake alikuwa amejinyoosha kitandani, miwani puani, anasoma gazeti.

"Umepotea, mwanangu. Chako ni kile chenye dirisha kubwa."

"Si chako kile, mama?"

"Kilikuwa."

Akasimama, mkono kwenye kitasa, machozi yakimlengalenga. Kisha akaufunga mlango polepole, yeye akiwa nje.