Stendi ya Bunduki Iliyorudishwa

Jirani yangu, askari mstaafu wa wanyamapori, amejiundia stendi ya kusafishia bunduki kwa vitu chakavu. Miguu ya stendi hiyo ilitoka kwenye kiti kibovu, na bawaba za kabati huiwezesha kukunjwa na kubebwa kwapani. Panda mbili za kulazia mtutu amezivika mpira wa kandambili ili chuma kisichubuke. Kila asubuhi huitandaza mezani na kukaza skrubu kwa ncha ya kisu. Kisha kwa vidole vyake vinene huviringisha kitambaa kwenye ufito wa mwavuli, akausukuma taratibu, kwa kipimo kilekile, juu ya panda tupu. Bunduki yenyewe aliirudisha kwenye ghala la silaha siku aliyostaafu, miaka kumi na mmoja iliyopita.

Mkewe ndiye aliyeniita. “Shemeji, wewe umesoma. Mtazame, uniambie kama amerukwa na akili. Ukisema ndiyo, leo hii stendi yake naichemshia chai.”

Nilisimama upande wa pili wa meza, nikamtazama akiusukuma ule ufito. Ghafla akasita.

“Jirani,” akasema kwa upole, bila kuinua macho, “usisimame mbele ya mtutu.”

Nikahama. Nilikwisha kufika ukutani nilipotambua kwamba nimeikimbia hewa tupu. Mkewe akanifuata, akiizunguka meza kwa kupitia nyuma ya mumewe, mbali kabisa na mtutu.

“Haya, shemeji,” akaninong’oneza, “tumekuwa watatu.”